Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu: mruhusuni fundi aingie darasani

Kwa:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia
Ofisi ya Rais – TAMISEMI
Taasisi ya Elimu Tanzania
Baraza la Mitihani la Tanzania

YAH: SOMO LA SANAA ZA UFUNDI KATIKA SHULE ZA SEKONDARI

Waheshimiwa,

Ninafundisha Historia na Kiswahili katika sekondari moja ya kata wilayani Newala, juu huku kwenye uwanda wa Makonde. Sanaa sikusomea. Nalitanguliza hilo mapema, asije mtu akapoteza nusu siku akilitafuta jina langu kwenye orodha ya walimu wa Sanaa za Ufundi. Halimo. Ninachokijua kuhusu somo hilo nimekipata siku za Jumamosi, chini ya mkorosho, pamoja na wanafunzi wangu. Sehemu kubwa nimefundishwa na mzee mmoja ambaye, kwa taratibu zenu, hastahili hata kupita getini.

Barua hii naiandika kwa ajili yake.

Nianze na kosa langu. Miaka michache iliyopita nilimkamata kijana wa Kidato cha Pili akichora wakati mimi naeleza Vita vya Majimaji. Nikamnyang'anya daftari, nikamtoa nje akafyeke majani mpaka kengele. Jioni, nikisahihisha nyumbani, nikalifungua lile daftari kwa nyuma. Kulikuwa na kinyonga, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, mkuu wa shule aliyeongezewa tumbo (nilicheka peke yangu), halafu kurasa mbili nzima za mikono. Mikono ya bibi yake akibangua korosho: vidole vimekamata jiwe, kucha nyeusi kwa yale mafuta ya ganda. Kachora kwa kalamu ya wino, na wino haufutiki. Nimefundisha watoto wa wabangua korosho miaka yote hiyo, na nadhani siku ile ndiyo niliiona ile kazi kwa mara ya kwanza.

Kesho yake nilimrudishia. Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Naangalia tu, madam."

Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma kuuliza kama tunaweza kumwandikisha somo la sanaa. Akanijibu kwa upole, kama anayemjibu mgonjwa. Somo lipo, lakini mwalimu hatuna. Kwa kuwa mwalimu hatuna, hakuna mwanafunzi aliyelichagua. Kwa kuwa hakuna aliyelichagua, kwenye ikama, yaani hesabu ya walimu wanaohitajika, hatuonekani kuwa na upungufu wa mwalimu wa sanaa. Tunaonekana tumetosheka.

Kwenye karatasi, waheshimiwa, sanaa haijawahi kuwa na hali nzuri kama sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya kazi za mikono na ufundi, kando ya mkondo wa jumla. Mitaala mipya ikaanza Januari 2024. Machi mwaka huohuo zikatangazwa tahasusi, yaani michepuo ya masomo, 65 za kidato cha tano, 49 kati ya hizo mpya, na sanaa ikapewa kundi lake. Siku ile mwenzangu wa Jiografia alinipigia simu kunipongeza, utadhani nimejifungua. Nikamshukuru. Tulipokata simu nikajiuliza: hiyo tahasusi ataingia nani kutoka huku? Mtoto ambaye shuleni kwake somo halikufundishwa tangu Kidato cha Kwanza atafikaje cha Tano akalisome?

Na msidhani kuchora hakumo shuleni. Kumejaa tele. Kwenye Baiolojia mtoto anaambiwa achore moyo, jani, mende aliyepasuliwa, na mistari ikitetemeka alama zinakatwa. Kwenye Jiografia anachora mchoro wa ramani na mkato wa mlima. Kwenye Hisabati anachora maumbo. Kila somo linamdai mchoro na hakuna somo linalomfundisha kuchora. Ni sawa na kumtahini mtu kuogelea huku kwetu Newala, ambako maji ya kunywa yenyewe ni shida. Hata vitabu vya Taasisi ya Elimu vinavyofika shuleni vina michoro karibu kila sura. Ningependa siku moja niwaulize waliovichora walijifunzia wapi. Naota kwamba angalau mmoja atajibu, sekondari.

Basi tukaanza Jumamosi, watoto tisa na mimi. Penseli, karatasi za mitihani ya zamani upande wa nyuma, na mkaa. Mkaa tuliuchagua kwa sababu hauhitaji maji. Rangi za maji zinataka kikombe cha kuoshea brashi, na kikombe hicho huku kinafikiriwa mara mbili. Mara moja nilijaribu kuwa mjanja, nikasema tutumie mafuta ya ganda la korosho kama wino, maana yanatia weusi usiotoka. Yanatia weusi kweli, na yanaunguza ngozi. Wasichana wawili walitoka malengelenge vidoleni, na nikaenda mwenyewe kwa wazazi wao kuomba radhi. Mama mmoja aliniuliza, bila hasira, kama mimi ni mgeni wilaya hii.

Lililofanikiwa ni udongo. Historia ya Kidato cha Kwanza inataja michoro ya mapangoni ya Kondoa Irangi, ile iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2006 kwenye urithi wa dunia. Wanafunzi wangu huikariri kama mfano wa vyanzo vya historia, wakapata alama zao, basi. Jumamosi moja tulisaga udongo wetu mwekundu, tukauchekecha kwa kipande cha chandarua, tukauchanganya na utomvu wa mkorosho, tukapaka kwenye jiwe. Msichana mmoja akauliza wale wa Kondoa walichanganya na nini mpaka ikadumu hivyo. Miaka yote niliyofundisha mada ile, sijawahi kuulizwa swali hilo darasani.

Hapo nikatambua nimefika mwisho wa ninachokijua, nikamtafuta mzee.

Ni mchongaji, wa kijiji cha jirani. Alikuja saa tatu asubuhi na tezo, lile shoka dogo la kuchongea, patasi nne na kigogo cha mkorosho. Wanafunzi wakasimama. "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba, akakaa chini, kiti akakikataa. Mimi nilikuwa natazamia mpingo. Akaniambia mpingo si wa mwanagenzi, unavunja patasi na unavunja moyo. Isitoshe, mti wenyewe unachukua miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kuvunwa, na yeye hana mpingo wa kuwapa watu waharibu. Kipande kidogo alikuwa nacho mfukoni, akakipitisha mkono kwa mkono waone weupe wa nje na weusi wa moyoni. Kisha akagonga kile kigogo cha mkorosho kwa mpini wa tezo, akawaambia wasikilize. Akagonga upande wa pili. Sauti ilikuwa nyingine. Kuna ufa ndani, akasema, kwa hiyo uso hatuuweki huku.

Rula hakutoa. Alipima kwa shibiri na wanda: kichwa hapa, kitovu hapa, kiwiko lazima kifike hapa, la sivyo watu watacheka. Akaweka alama kwa chaki pande zote nne. Yule kijana wa mikono, ambaye wakati huo alikuwa Kidato cha Tatu, akamuuliza mbona vinyago vya mashetani vina mkono mrefu kuliko mguu. Mzee akamtazama kitambo.

"Shetani naye napima," akasema. "Ukitaka kukosea, kosea kwa kipimo."

Nimeusoma muhtasari wa somo lenu. Uwiano, mizania, umbo, mwanga na kivuli, vyote vimo, kwa Kiingereza. Mzee alivimaliza vitatu kabla ya saa nne.

Msichana mmoja akaomba wachonge lipiko, kile kinyago cha kuvaa usoni kwenye ngoma ya mapiko. Mzee akatikisa kichwa. Kitu hicho kina watu wake na mahali pake, na shuleni sipo, mbele ya wasichana ndiyo kabisa. Wasichana wakanuna. Mimi nami, nikiri, nilinuna kidogo. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja na shemeji yake, bibi mfinyanzi. Gurudumu la kufinyangia hana. Aliinama, akawa anakizunguka chungu yeye mwenyewe, kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje, mpaka mdomo ukakaa duara. Wasichana wakajaribu, wakaanguka na vyungu vyao. Wavulana waliotaka kujiunga aliwaambia warudi kwa babu yao. Kila mtu na kisasi chake.

Jumamosi ya tano tukapata mgeni kutoka ofisi ya juu, aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Akakuta mzee amekaa na tezo katikati ya wanafunzi. Akauliza, huyu ni nani? Ana cheti? Analipwa kutoka fungu gani? Mtoto akijikata, nani atajibu? Maswali ya haki yote, na mkuu wangu wa shule hakuwa na jibu hata moja. Mzee akafunga vifaa vyake kwenye kiroba. Mgeni, pengine kwa kuona ameharibu siku, akanigeukia kunifariji. Mwalimu, usihangaike, sanaa ni kipaji. Tingatinga alisoma shule gani?

Waheshimiwa, chagueni moja. Kama sanaa ni kipaji kisichohitaji shule, cheti mnakidai cha nini kwa fundi? Na kama inahitaji cheti, mwenye cheti yuko wapi?

Kwa kuwa Tingatinga ametajwa, na hutajwa kila sanaa ya shuleni inapoombewa kitu, niruhusuni niseme kidogo kama mwalimu wa Historia. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 huko Tunduru, si mbali sana na sisi. Alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, kwa rangi za baiskeli kwenye hadibodi, na picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu. Katika miaka hiyo minne alikuwa tayari amewakusanya vijana, wengi ndugu zake, akawaonyesha kutandaza rangi ya chini, kumweka mnyama, kumzungushia mstari. Kwa hiyo hata yeye alianzisha shule, ila haikuwa na namba ya usajili. Nani ajuaye angefika wapi, yeye na wanafunzi wake, kama nyuma yao kungekuwa na madarasa, walimu na karatasi? Tukienda leo kwenye vibanda vya watalii tunamkuta chui yuleyule na ndege wale wale, kibanda baada ya kibanda. Sisemi wachoraji wale hawana uwezo. Wapo wenye uwezo wa kunyamazisha mtu. Nasema mwenye njaa hunakili kinachouzika, na kuthubutu kitu kipya kunataka mahali ambapo mtu anaruhusiwa kukosea bila kulala njaa. Mahali hapo kwa kijana wa miaka 15 panaitwa shule.

Wapo waliopapata. Mchoraji Sam Ntiro, mtoto wa Machame, alisoma sanaa Makerere, Uganda, akafika London, na mchoro wake wa 1956 wa wanaume wanaompelekea bibi harusi mbege, pombe ya ndizi, usiku umo katika jumba la makumbusho la MoMA, New York. Huyohuyo ndiye aliyekuwa balozi wetu Uingereza tulipopata uhuru. Na hiyo shule ya sanaa ya Makerere, mnajua ilianzaje? Margaret Trowell aliwakusanya wanafunzi barazani kwake mwaka 1937. Barazani, jamani. Nalitaja hili kwa sababu najua jibu la kwanza litakuwa karakana hakuna. Sisi hatujaomba karakana. Mkorosho wetu una kivuli kikubwa kuliko baraza lolote la Kampala.

Tunachoomba ni kidogo kuliko hicho, na njia zake tayari mnazo.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Seremala anapimwa kwa kazi yake, fundi magari vilevile, wanapewa vyeti. Upanueni huo umfikie mchongaji, mfinyanzi, mchora mabango wa stendi, mtengeneza batiki. Apimwe kwa anachojua, apewe cheti, na cheti hicho kimruhusu kufundisha vitendo saa kadhaa kwa wiki, mwalimu aliyeajiriwa akiwepo. Mimi nitakaa. Nikae nimsimamie, niandike maandalio ya somo, nijaze kitabu cha ajali mtoto akijikata. Maswali yote ya yule mgeni yatakuwa na majibu, na nitamwalika tena.

Malipo. Tangu elimu bila ada ianze 2016 tunaletewa ruzuku, shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na fedha hiyohiyo ndiyo chaki, ndiyo mitihani ya ndani, ndiyo kitasa kilichovunjika. Simwombei mzee mshahara wa mwalimu. Waraka mmoja unaosema mkuu wa shule anaweza kumlipa fundi posho ya siku kutoka fungu la vitendo, na asiulizwe na mkaguzi wa hesabu, unatosha. Siku hizi wakuu wa shule wanaogopa hoja za ukaguzi kuliko nyoka.

Lugha sasa, na hapa sitaki kupita haraka. Mzee anazungumza Kimakonde na Kiswahili. Bibi mfinyanzi anazungumza Kimakonde, na Kiswahili akilazimika. Mtihani wa Sanaa za Ufundi wa kidato cha nne ni wa Kiingereza. Nimeona jinsi inavyokuwa: mtoto anayeweza kukueleza kwa dakika kumi kwa nini kivuli cha mtungi kimekaa upande huu, ukimpa swali la nadharia anaandika mistari miwili, yote ya kukariri. Mtaniambia sera ya lugha haibadiliki kwa ajili ya somo moja. Imeshabadilika. Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa sekondari kwa Kiswahili na mbingu hazijaanguka. Nimo ndani ya somo hilo kila siku, naona watoto wanavyobishana. Kama maadili yetu yamestahili lugha yetu, mikono yetu imekosa nini?

Kwa Baraza la Mitihani nina neno moja. Mtihani wa vitendo uukubali udongo, mkaa, mti wa mkorosho, ukili na rangi ya majani kwa uzito uleule mnaoupa rangi za dukani. Na kazi alizozifanya mwanafunzi kwa miaka minne zihesabiwe, maana Novemba, mtihani unapofika, huku ni msimu wa korosho na nusu ya watahiniwa wametoka shambani alfajiri ileile. Mikono imechoka.

Najua mna madawati, vyoo na walimu wa Fizikia wa kufikiria. Mimi ni mwalimu wa kata, vyoo navijua. Lakini kila mgeni mkubwa anayeondoka nchi hii anakabidhiwa kinyago cha mpingo, picha inapigwa, watu wanapiga makofi. Yule aliyekichonga, au mtu aliyefunzwa na aliyekichonga, yuko huku kwetu, Masasi, Tandahimba, Newala, na mwanawe au mjukuu wake yumo darasani kwangu akijifunza kwamba kazi ya babu si elimu. George Lilanga alitoka Masasi, akaanza na kuchonga kabla ya kushika brashi, na picha zake zikazunguka dunia. Sasa hivi kuna Lilanga wangapi wanaofyeka majani kwa kosa la kuchora darasani? Mmoja namjua, maana nilimtoa nje mwenyewe.

Amemaliza Kidato cha Nne. Sanaa haikuwa kwenye cheti chake kwa kuwa hakuwa na pa kuifanyia mtihani. Siku hizi anaandika mabango ya maduka ya simu stendi, na Jumamosi anakuja kunisaidia na wadogo zake. Mzee bado hajaruhusiwa kurudi. Wanafunzi wanamfuata wao, kijijini kwake, wawili wawili, na mimi najifanya sijui.

Pamoja na barua hii naambatanisha kazi tatu za wanafunzi wa sasa. Ya kwanza ni mtungi wa bibi, kwa mkaa. Ya pili ni mikono ya mzee na tezo, kwa penseli. Ya tatu ni mandhari kutoka Shimo la Mungu, pale ukingoni unapoliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Hiyo ni ya rangi za maji na haijakamilika. Mbele kuko tayari, mbali bado ni karatasi nyeupe. Mchoraji ameniomba niwaeleze kwamba hakuishiwa uwezo. Vilima vya mbali vinahitaji rangi nyepesi sana, maji mengi, na wiki ile mabomba hayakutoa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia na Kiswahili,
Newala, Mtwara